Kungoja Chungwa Lianguke

Mtu akikwambia alishinda siku nzima chini ya mchungwa akingoja chungwa moja lianguke, utamwuliza kama hana kazi. Anitha alikuwa na kazi nyingi tu. Alikuwa na duka la vitambaa Chang'ombe ya Dodoma, na nyumba huko Nzuguni ambayo ujenzi wake haujaisha mpaka leo, na mume, na mtoto wa kike asiyejua kunyamaza. Hata hivyo Jumamosi ile ya mwezi wa saba alikaa chini ya mchungwa tangu umande haujakauka, akatazama juu mpaka shingo ikamuuma, na katika maisha yake hakukumbuka kazi iliyomweka roho juu kama ile.

Mchungwa wenyewe uko katika Bustani ya Padri, bondeni, mwendo mfupi wa gari kutoka kijiji cha Busi. Padri aliyeipanda alikwisha kufa zamani, na jina lake watu wa huko hulitamka kila mmoja kwa namna yake. Alichoacha ni safu za michungwa, milimau, mikomamanga na mizambarau, na mfereji unaotoka kwenye chemchemi na kupita katikati ya miti kwa sauti ndogo ndogo kama ya watu wanaosengenya. Miti imezeeka. Mingine imeegemezwa nguzo isilale. Kijiji kiliamua tangu zamani kwamba haitakatwa, na miaka hii ya karibuni wamekuja watu wa mambo ya kale wakaweka kibao na uzio wa waya.

Lakini sheria ya bustani ni ya siku nyingi kuliko kibao. Tunda lililo juu halichumwi. Hupandi, hutikisi, hurushi jiwe. Unakaa, unangoja, na likianguka ni lako. Sababu yake si ya kichawi, ingawa wapo wanaopenda kuifanya hivyo. Tawi la mti mzee ukilivuta kidogo tu linakuja na gome lake, na mti unaanza kuoza kuanzia kwenye kidonda.

Mtu aliyeisimamia sheria hiyo kuliko wote alikuwa baba yake Anitha, Mzee Methusela, mlinzi wa bustani mpaka magoti yalipomstaafisha. Inasimuliwa kwamba mkewe, Hana, alipokuwa na mimba ya Anitha alitamani chungwa, na Methusela akamtandikia mkeka chini ya mti, akamletea maji ya kunywa, akamwambia angoje kama watu wengine. Mama wa watu akangoja mpaka jua likamfuata kivulini. Chungwa lilipoanguka alilila na maganda yake kwa hasira. Hana mwenyewe aliisimulia habari hiyo kila sikukuu huku akimnyooshea mumewe kidole, na mumewe alicheka mpaka akafuta machozi.

Hana alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza, akazikwa nyuma ya nyumba. Na hapo ndipo Anitha alipovuruga mambo. Siku ya kuanua matanga, ukoo ulikaa mkekani kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi: kanga hizi za shangazi, sufuria ile ya binamu, kigoda apewe mdogo wa marehemu. Zamu ya Anitha ilipofika, badala ya kutaja kitu, akasema kwa sauti iliyokauka kwa kulia, "Mimi sitaki kitu. Mimi namchukua baba."

Alidhani amesema neno la upendo. Watu wakaguna. Mzee alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama kwanza kabla hajamtazama bintiye.

"Mimi bado sijafa, mwanangu," alisema. "Msinigawe pamoja na kanga."

Kisha akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatoki Busi, hamwachi Hana peke yake, na mwenye hamu ya kumhamisha asubiri ahamishe jeneza. Ilikuwa fedheha. Anitha alirudi Dodoma akiwa hajui hata njia ilipita wapi, maana kila alipofumba macho aliiona ile kofia gotini.

Tangu hapo ilikuwa ni simu. Kila asubuhi alipiga, na isipopokelewa mapema alipiga tena na tena. Mwezi wa tano mzee aliteleza uani, akalala pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Hakumwambia bintiye, ila jirani ndiye aliyevujisha. Anitha hakuwa na ujanja wa kumlazimisha. Mzee aliyeapa mbele ya ukoo hawezi kuamka siku moja akafunga mzigo, hata kama moyoni ameshaufunga siku nyingi. Watu watasema nini?

Ijumaa hiyo Anitha alifika Busi na mumewe, Wilbert, na binti yao, Erica. Jikoni alikuta sufuria imeungua mpaka kitako kimetoboka, na mkono wa baba yake umeviringishwa kitambaa. Mzee akasema ni mchubuko tu. Jioni, wakiwa mkekani na ugali wa uwele na mlenda, Anitha hakuweza tena kujizuia.

"Baba, twende nyumbani. Nakuomba."

Mzee alitafuna polepole. Aliendelea kutafuna hata tonge lilipokuwa limekwisha.

"Kesho nipelekeni bustanini," alisema mwishowe. "Tutakaa chini ya mchungwa, palepale alipongojea mama yako. Chungwa likianguka kabla jua halijagusa kilima, nitakuja huko Nzuguni kwenu. Lisipoanguka, usiniulize tena mpaka nife. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

"Mkwe wangu, wewe ni shahidi."

Wilbert, ambaye ni mtu wa ofisi na anapenda mambo yenye masharti yanayoeleweka, alisema yeye ni shahidi.

Basi ndiyo maana asubuhi ile walikuwa pale. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mfereji, na miti ilitokeza vichwa tu. Zablon, mlinzi wa sasa, alikuja akiwa na fagio la matawi begani, akainama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Miti inaendeleaje?"

"Inazeeka, Mzee."

"Kama sisi. Leo tumekuja kukaa tu."

Zablon aliwatandikia majani makavu, akaweka mkeka juu yake, akaenda zake kufagia upande wa mikomamanga. Walimsikia kwa muda mrefu, fagio likienda na kurudi, kisha hata hilo likawa sehemu ya ukimya.

Mchungwa ulikuwa umebeba. Machungwa yalining'inia mengi tu, mengine ya kijani, mengine yameanza kuwa manjano ubavuni, na katikati yake yalikuwapo maua meupe ya msimu mwingine, maana mti huo mzee ulikwisha kuchanganya miezi. Nyuki walikuwa wakifanya kazi huko juu. Harufu ya maua ilishuka taratibu, ikakaa mabegani mwao. Anitha alihisi kama mtu aliyeingia chumba ambacho mama yake ametoka sasa hivi.

Ila upepo haukuwepo. Kila mtu anaujua upepo wa Dodoma mwezi wa saba. Unaezua mabati, unakuvua kilemba mchana kweupe, unakulisha vumbi bila kukuuliza kama umeshiba. Siku zote Anitha aliutukana upepo huo dukani kwake, ukimjazia mchanga kwenye vitenge. Leo alipouhitaji uligoma. Hakuna jani lililotikisika.

Wilbert alilala chali akaanza kuyapima machungwa kwa macho. Alichagua moja lililokuwa tawi la chini, karibu kabisa na kichwa cha mzee, akasema hilo ndilo litakalotangulia.

"Kisayansi, Baba, hilo kikonyo chake kimeshachoka."

"Mchungwa haujasoma sayansi, mkwe wangu," mzee alisema, na Erica akacheka mpaka akakohoa.

Erica alikuwa upande wa mama yake, na hakuficha. Alikaa na mikono ameikinga kabisa mbele, tayari kudaka. Babu yake alimwita mchumba, akamuuliza kama atampikia wakienda mjini au atamwachia njaa. Mtoto akajibu kwamba anajua kupika mayai. Mzee akasema mayai yanatosha kwa kuanzia. Anitha alisikia "wakienda", moyo ukaruka; kisha akamwona baba yake akikunja uso, kana kwamba neno lilimponyoka.

Mara, puu, kitu kilianguka nyuma yao. Erica alikuwa ameshafika kabla wengine hawajageuka. Alirudi ameshikilia mikono miwili, anang'aa.

"Limau," mzee alisema baada ya kulitazama. "Tulisema chungwa."

"Lakini, babu, limeanguka!"

"Limeanguka, ndiyo. Litie kwenye chai."

Saa zilipita kwa namna ya ajabu. Ukungu ulikwisha, wala hakuna aliyeuona ukiondoka. Mwanga ulipenya majani ukawaangukia vipande vipande, na kila walipousahau walikuta umehamia kwingine: ulikuwa kwenye goti la Wilbert, sasa uko kwenye chupa ya chai, sasa uko kwenye kitambaa cha mkono wa mzee. Walikula kuku waliyemfungasha. Walizungumza habari za watu waliokufa kana kwamba wamekwenda gulioni na watarudi jioni. Mzee alieleza jinsi padri alivyokuwa akiimba akimwagilia, vibaya kabisa, na jinsi miti ilivyozaa hata hivyo.

Baada ya kula Anitha alisimama kujinyoosha, akazunguka shina. Gome lilikuwa baridi na lenye mikunjo. Aliweka kiganja chake pale, hakusukuma. Aliwaza tu. Mti ule haukuwa mkubwa. Mtu akiuegemea kidogo, kama aliyechoka, juu huko kitu kingetikisika. Nani angejua? Alikuwa anafikiria mkono ulioungua, na uani ambako baba yake alilala akitazama mawingu mpaka jirani akaja kuomba moto.

"Anitha," mzee aliita bila kugeuza kichwa. "Toa mkono."

Akautoa. Alirudi mkekani ana hasira ya mtoto, hasira inayotaka kulia, akajilaza ubavu na kuwapa wote mgongo. Baba yake ndivyo alivyokuwa. Hata mkewe mwenye mimba hakumwonea huruma, sembuse binti mzima mwenye mdomo mrefu. Jua lilikuwa limeshavuka katikati, linateremka upande wa kilima, na kwa mara ya kwanza Anitha alijiambia wazi kwamba ameshindwa. Atarudi Nzuguni bila baba. Itakuwa simu tena kila asubuhi, na siku moja haitapokelewa.

Usingizi ulimchukua akiwa katika wazo hilo. Alimwona mama yake amekaa ng'ambo ya mfereji, miguu majini, anachambua kitu kwenye ungo. Anitha alitaka kumwomba radhi kwa lile neno la siku ya matanga, lakini kila alipofungua kinywa maji ya mfereji yaliongea badala yake. Mama hakukasirika wala hakutabasamu. Alichambua tu, akapuliza makapi, na makapi yalipopaa yakawa maua meupe yakishuka bondeni kote polepole, bila upepo. Ilikuwa raha kubwa kumtazama. Anitha hakutaka kuamka, na hata alipoamka alibaki na macho nusu, akingoja aone kama ungo utarudi.

Alichokiona ni miguu ya baba yake.

Mzee alikuwa amesimama. Wilbert alikoroma, kofia usoni. Erica alikuwa amelala kama gunia, mikono bado ameikinga. Mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya asali, na kivuli cha kilima kilishaanza kulamba safu ya mwisho ya mizambarau. Mzee Methusela aliwatazama mmoja mmoja. Anitha alifumba macho, kisha akayafumbua kidogo sana.

Baba yake alisogea chini ya lile tawi la chini. Kwanza alivua kofia. Aliweka kiganja kwenye shina, palepale alipomkataza bintiye, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu, "Hana, nimechoka kula peke yangu."

Alitega sikio. Kisha alilishika tawi kwa ule mkono uliofungwa kitambaa, akalikinga kutoka chini, taratibu, vile unavyomshikia mtoto mkono anapochomwa sindano. Mkono wa pili ulilizungusha chungwa, halikuvutwa, lilizungushwa tu, mara hii na mara ile, mpaka likaachia. Tawi halikusikika. Yule mzee aliyewafukuza watoto wa kijiji kizima, aliyemkalisha mkewe juani, alisimama na chungwa mkononi.

Lakini hata hapo alibaki kuwa Methusela. Alinyoosha mkono mbele yake, usawa wa kifua, akafungua vidole, akaliacha lianguke. Likatua kwenye majani makavu, puu, likabiringika likasimama karibu na mkeka. Akavaa kofia. Akarudi kukaa, jambo lililomchukua muda kwa yale magoti, akajiweka sawa, akakohoa.

"Anitha! Anitha, amka. Limeanguka."

Anitha alikaa. Mambo mengi yalimjia kwa pamoja, na miongoni mwake lilikuwapo lile alilotaka kusema tangu mwaka jana, kwamba hakukusudia kumgawa, kwamba hakuna siku aliyomwona baba yake kuwa kitu kilichoachwa na marehemu. Alimtazama usoni. Mzee alikuwa akitazama kwingine, kwenye mfereji, ametoa kidevu mbele kama mtu anayengoja hukumu.

"Nimelisikia, baba," alisema. "Nilikuwa sijalala vizuri. Nimelisikia likianguka."

Wilbert aliondoa kofia usoni. Erica alipiga ukelele, akaliokota, akalizungusha hewani. Kelele zake zilimleta Zablon na fagio lake. Zablon alilitazama chungwa, ambalo bado lilikuwa na jani moja bichi kwenye kikonyo, akalitazama tawi, akamtazama mzee aliyemfundisha kazi.

"Hilo limeanguka lenyewe kabisa," Zablon alisema. "Hongera, Mzee." Akarudi kufagia mahali ambapo alikwisha kufagia.

Mzee alilimenya kwa kisu, maganda yakashuka kama utepe, akaligawa. Pande la kwanza alimpa Anitha. Lilikuwa chachu kupita kiasi, chachu ya kutoa machozi, na Anitha alishukuru kwa hilo kwa sababu machozi yenyewe yalikwisha kufika.

"Mama, mbona ni kal..." Erica alianza, na Wilbert akamtia pande jingine mdomoni.

"Tamu, baba," Anitha alisema.

"Eeh. Ya zamani hayana mfano," mzee alisema, na yeye mwenyewe jicho moja limefumba kwa ukali.

Walikaa wakala lote. Kivuli cha kilima kilifika kwenye mkeka, kikawapita, wala hakuna aliyekijali tena. Baridi ya Julai ilianza kupanda kutoka kwenye mfereji. Anitha alimfunika baba yake mabega kwa kitenge, na mzee akakubali, akakikunja kifuani. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mbali zisizomhusu sana:

"Huko Nzuguni. Chumba chenyewe, dirisha lake linatazama wapi?"

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa jirani, upande wa mashariki, kiasi kwamba mchana unawasha taa. Anitha alikijua vizuri. Alijua pia baba yake anauliza nini, na ni nani aliyelala nyuma ya nyumba huku Busi.

"Kaskazini, baba," alisema. "Linatazama huku."

Mzee alimgeukia mkwewe, shahidi wake. Wilbert alimtazama mkewe, akalitazama ganda la chungwa mkekani, akameza.

"Kaskazini kabisa, Baba," alisema Wilbert.

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeridhika, akanyoosha mkono ili ainuliwe. Walimshika huku na huku. Njiani kuelekea kwenye gari Wilbert alibaki nyuma kidogo akiongea na simu kwa sauti ya chini, na Jumatatu asubuhi, mzee akiwa bado Busi anawaaga majirani, fundi alikuwa Nzuguni anatoboa ukuta wa kaskazini.